Kishikwambi Akishike Nani?

Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi na kuachwa wajifunze wenyewe. Hapakuwa na mwalimu wala darasa. Kila kijiji kilifungiwa mtambo wa sola wa kuchajia vifaa, akateuliwa mkazi wa kuusimamia, na programu zilizowekwa ndani zilifanya kazi bila intaneti. Hilo lilikuwa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014 kwa fedha za Elon Musk na kuendeshwa kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Waandaaji walitaka kujua kama mtoto asiye na shule anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili akiwa na programu peke yake.

Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10, na programu zote tano zilizofika fainali zikawekwa wazi ili yeyote azitumie.

Tangu hapo matokeo ya Tanga yametumiwa na pande mbili zinazopingana. Wapo wanaoyataja kama ushahidi kwamba kifaa kinaweza kufundisha, na wapo wanaouliza habari za ile nusu iliyobaki. Kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba mtoto wa Tanga alilinganishwa na mtoto asiyepata chochote. Kwa mtoto aliye mbali na shule, programu nzuri ya Kiswahili ni msaada wa kweli, na anayeubeza hajakaa na mtoto wa miaka tisa asiyejua herufi. Lakini wengi wa watoto wetu leo wameandikishwa. Wanaamka alfajiri, wanavaa sare, wanakaa darasani wakiwa themanini au mia, na baadhi yao wanafika Darasa la Nne bila kuweza kusoma aya fupi. Swali linalotuhusu zaidi ni hili: shule ikiwepo, mwalimu akiwepo, teknolojia ya habari na mawasiliano (TEHAMA) iingie kwa mlango gani, na kifaa kikabidhiwe nani?

Kenya ilijibu kwa haraka. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta ya mkononi kwa kila mtoto anayeingia Darasa la Kwanza. Ahadi ilipendwa. Wazazi ambao hawakuwahi kugusa kompyuta waliona watoto wao wakipewa kitu ambacho hapo awali kilikuwa cha shule za kulipia. Kisha yakaja mambo ya serikali: zabuni ya kwanza ikagonga mwamba, muda ukapita, na mradi uliporudi kama Programu ya Elimu ya Dijitali, kompyuta zilikuwa zimegeuka vishikwambi. Mwaka 2016 vilijaribiwa katika shule 150, na katika miaka michache iliyofuata zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Kazi hiyo ilifanywa na makundi mawili yaliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja kikiwa na mshirika wake wa kigeni.

Mradi huo ulileta faida moja ambayo haisemwi vya kutosha. Ili vifaa viweze kuchajiwa, serikali ililazimika kupeleka umeme shuleni, na ndani ya muda mfupi zaidi ya shule 20,000 za msingi zilikuwa na umeme wa gridi au wa sola. Taa ziliwaka katika madarasa ambayo hayakuwahi kuwa nayo tangu yajengwe. Watahiniwa wakaweza kujisomea jioni. Shule ikaweza kuwa na mashine ya kudurufu badala ya kumtuma mwalimu mjini na karatasi za mtihani mkobani. Mtu akiniuliza ni nini kilichobaki cha ahadi ya 2013, nitaanza na nyaya za umeme.

Vishikwambi vyenyewe vilipata maisha magumu. Mwalimu alipewa mafunzo ya siku chache, kisha akarudi kwenye darasa lake na vifaa ambavyo thamani yake ilizidi mshahara wake wa miezi mingi. Mwalimu mkuu ndiye aliyebeba dhamana: kikipotea kimoja, ataulizwa yeye. Katika hali hiyo, uamuzi wa busara kwa mtu anayelinda kazi yake ni kuvifungia kabatini, ufunguo ukae kwake, na kuvitoa siku ya ukaguzi. Tumezoea kuwalaumu walimu kwa jambo hili, na lawama hiyo si ya haki. Mfumo ulimkabidhi mali, ukamtisha kuhusu mali hiyo, na haukumwonyesha ni kipindi gani cha Jumanne ambacho kingekwenda vizuri zaidi akiitumia. Baadaye serikali yenyewe ikageukia wazo la maabara za kompyuta zinazotumiwa na shule nzima.

Wakati siasa za vishikwambi zikiendelea, katika kaunti ya Kisumu ulifanyika utafiti ambao ningependa kila mbunge wa Afrika Mashariki ausome kabla ya kupitisha bajeti ya vifaa. Watafiti, akiwemo Benjamin Piper, walikuwa na programu ya kusoma ya madarasa ya awali iliyokwisha kuonyesha mafanikio bila teknolojia yoyote: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo wa mwalimu wenye somo la kila siku, mafunzo, na ofisa wa kumtembelea mwalimu darasani. Juu ya programu hiyo wakaongeza teknolojia kwa njia tatu. Katika shule za kundi la kwanza, wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki. La pili, walimu walipewa vishikwambi. La tatu, kishikwambi alipewa ofisa anayewatembelea walimu, na mtoto hakupewa chochote zaidi ya kitabu chake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wenzao wa shule ambazo hazikuwa na programu. Lakini baina ya makundi hayo matatu hapakuwa na tofauti ya maana. Kumpa kila mtoto kifaa, jambo lililogharimu zaidi, hakukumfanya asome vizuri zaidi ya mtoto ambaye kifaa kilikuwa mkononi mwa ofisa aliyemtembelea mwalimu wake. Na programu ya msingi, ile ya vitabu na miongozo na matembezi, ndiyo iliyoleta mafanikio makubwa kwa kila shilingi iliyotumika.

Kenya ilijifunza kutokana na hilo, na hapa inastahili sifa. Programu ya kitaifa ya Tusome, iliyoanza shuleni mwaka 2015, ilichukua njia ya tatu: vishikwambi kwa maofisa wa mitaala, ambao kwa nchi nzima ni zaidi ya elfu moja tu, na vitabu vya Kiswahili na Kiingereza kwa watoto.

Tazama kifaa hicho kikifanya kazi. Ofisa anafika shuleni kwa pikipiki, anaingia darasani na kukaa nyuma. Somo likiendelea, anajaza kwenye kishikwambi yale anayoyaona: mwalimu ametumia mwongozo au la, watoto wana vitabu mkononi au viko stoo, hatua za somo zimefuatwa kwa muda gani. Somo likiisha, anawaita watoto watatu, mmoja mmoja. Mtoto anapewa kifungu cha kusoma, ofisa anabonyeza, saa inaanza kuhesabu dakika moja. Kila neno mtoto analokosea, ofisa analigusa kwenye skrini. Dakika ikiisha, kifaa chenyewe kinasema mtoto amesoma maneno mangapi sahihi. Sasa ofisa na mwalimu wanakaa pamoja, kivulini au ofisini, na mazungumzo yao yana kitu cha kushika: huyu alisoma maneno 12, yule 31, yule hakuweza kuanza. Kishikwambi kinapendekeza mambo ya kumshauri mwalimu. Pia kinarekodi mahali ofisa alipokuwa, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyotumika kumrudishia nauli. Ofisa ambaye zamani alikuwa hana mafuta ya pikipiki, na kwa hiyo hakutembelea shule, sasa alikuwa na sababu ya kwenda; na makao makuu yakajua ni walimu gani wametembelewa.

Hakuna katuni katika kifaa hicho, wala muziki. Mtoto hakigusi kabisa. Lakini kimegusa maungio matatu dhaifu ya elimu yetu kwa mpigo mmoja: mwalimu asiyetembelewa, ofisa asiyewezeshwa, na wizara isiyojua kinachotokea darasani. Ninaamini hapo ndipo teknolojia inapolipa zaidi katika nchi zetu kwa sasa, mahali pasipopendeza kwenye picha za uzinduzi. Waziri akimkabidhi mtoto kifaa kipya, picha inakwenda ukurasa wa mbele. Waziri akimkabidhi mratibu elimu kata kifaa cha kupimia usomaji, hakuna mpigapicha atakayekuja.

Tanzania nayo ina vifaa vyake. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, zaidi ya laki mbili, viligawiwa kwa walimu sensa ilipomalizika. Huo ulikuwa uamuzi mzuri kwa mambo mawili: vifaa havikuoza ghalani, na vilikwenda kwa mwalimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na mwalimu mwenye kifaa chenye chaji na bando anaweza kukisoma kitabu ambacho nakala zake hazijafika shuleni kwake. Kilichobaki ni kile kile cha Kisumu: kazi mahsusi. Kishikwambi kisicho na kazi iliyotajwa kinakuwa simu kubwa ya nyumbani.

Redio ilitufundisha haya mapema, kabla ya hizi zama za skrini. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, vijijini na mijini, kujifunza kuhusu malaria, kichocho, kuhara na maji salama. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kwa pamoja, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya, na katika maeneo mengi walitoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo. Redio ilileta sauti moja nchi nzima kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna mwalimu angeliweza. Kijitabu kilibaki baada ya sauti kunyamaza. Na kiongozi wa kikundi alihakikisha sauti na maandishi vinageuka kuwa mjadala. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, kampeni isingefika ilipofika.

Zanzibar iliendeleza wazo hilo kwa watoto wadogo. Katika miaka ya 2000, kupitia mradi ulioendeshwa na wizara ya elimu kwa ushirikiano na shirika la EDC, kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze kilitumika kuwafundisha watoto ambao hawakuwa na skuli ya maandalizi karibu nao. Ufundi wake uko katika ukimya. Mtangazaji anauliza, kisha ananyamaza kwa sekunde kadhaa zilizopimwa, na katika nafasi hiyo watoto wanajibu kwa pamoja, wanaruka, wanahesabu vijiti, wanaimba. Mlezi kutoka jamii yao anaelekezwa na redio hiyo hiyo la kufanya: sasa wapange watoto duara, sasa mwite mmoja mbele. Mlezi anajifunza kufundisha huku watoto wakijifunza. Kwa gharama ya redio moja na betri, kundi zima linapata somo, na mtu mzima anayebaki nao anazidi kuwa na ujuzi kila wiki. Ninashangaa kwamba tumekimbilia skrini kabla ya kuumaliza utajiri wa redio.

Ukaja mwaka 2020, na kila nchi ikalazimika kufanya mtihani ambao haikujiandaa nao. Tanzania ilifunga shule Machi na kuzifungua zote mwishoni mwa Juni. Kenya ilifunga Machi, ikarudisha madarasa machache Oktoba na mengine yote Januari 2021; mwaka mzima wa masomo ulihesabiwa kupotea. Uganda ndiyo iliyoumia kuliko zote: kwa wanafunzi wengi shule hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 2022. Kila serikali ilitangaza masomo kwa redio, televisheni na mtandao. Nchini Kenya hata baluni za kampuni ya Loon zilipandishwa angani Julai 2020 kurusha intaneti hadi maeneo yasiyo na minara, na miezi michache baadaye kampuni hiyo ikatangaza kufunga shughuli zake.

Kilichoonekana kipindi kile kinajulikana na kila familia. Mtoto wa mwenye intaneti nyumbani aliendelea na masomo akiwa na mwalimu wake usoni. Mtoto mwingine alisubiri baba arudi na simu jioni, ikiwa na asilimia 15 za chaji, ili asome picha ya maswali iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, akinakili kwenye daftari kabla simu haijazima. Wa tatu alikwenda shambani au sokoni, na baadhi ya wasichana hawakurudi tena shuleni. Teknolojia ile ile iliyoahidi kufuta umbali iliuongeza, kwa sababu ilipita katika mikono ambayo tayari haikuwa sawa.

Lakini kipindi hicho hicho kilitupa somo kutoka Botswana ambalo ni tunu kwa nchi zenye kipato kama chetu. Mtafiti Noam Angrist na wenzake walizifikia kaya zaidi ya 4,500. Baadhi walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki wenye hesabu za kufanya. Wengine walitumiwa ujumbe huo huo, na juu yake wakapigiwa simu: mwalimu alizungumza na mzazi na mtoto pamoja kwa takriban dakika 20, wakifanya hesabu moja kwa sauti. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2022. Ujumbe peke yake haukuleta mabadiliko yoyote ya kutajika. Simu ilileta. Watoto waliopigiwa walipiga hatua katika hesabu, na majaribio yaliyofuata katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, yalithibitisha kwamba njia hiyo inafanya kazi hata ikiendeshwa na walimu wa serikali.

Simu iliyotumika ni ya kawaida, ile inayouzwa kwa bei ya kuku wawili na kukaa na chaji siku tatu. Haikuhitaji intaneti. Iliyofanya kazi ni sauti ya mtu anayemjua mtoto kwa jina, anayeuliza, anayesubiri jibu, na mzazi akiwa pembeni anasikia jinsi mtoto wake anavyofikiri. Weka matokeo haya kando ya Mtu ni Afya, kando ya Tucheze Tujifunze, kando ya ofisa wa Kisumu, na utaona ni jambo moja linalojirudia kwa miaka hamsini: chombo kilichomleta mtu mzima karibu na mwanafunzi kilifundisha, na chombo kilichotumwa peke yake kilifundisha kidogo au hakikufundisha.

Kuna suala la lugha, ambalo wapangaji wetu hulipa mstari mmoja kwenye sera. Watoto wa Tanga walipiga hatua kwa sababu programu zilisema nao Kiswahili. Ubongo Kids, kipindi kilichoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, kilipata watazamaji wengi kwa sababu hesabu zilielezwa kwa Kiswahili cha watoto wenyewe, kwa nyimbo, na wahusika wanaofanana nao. Akili and Me, cha watoto wadogo, kilipimwa mjini Morogoro, na watoto waliokitazama kwa wiki chache walionyesha maendeleo katika kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao waliotazama kitu kingine. Televisheni, ambayo wengi wetu tuliiona adui wa masomo, ilifundisha.

Sasa mfuate mtoto huyo hadi Kidato cha Kwanza. Lugha ya kufundishia inabadilika, na pamoja nayo karibu kila kitu kilichomo mtandaoni kwa ajili yake kiko kwa Kiingereza. Video ya usanisinuru iliyotengenezwa vizuri sana na kutolewa bure haimsaidii kijana ambaye anapambana kwanza na maneno kabla ya kulifikia jani. Atanakili maelezo bila kuyaelewa, kwa kasi kubwa kuliko alivyonakili ubaoni. Serikali za Kiafrika zinanunua vifaa, na ni sawa. Lakini fedha zinazotengwa kwa ajili ya kutengeneza maudhui ya sayansi kwa Kiswahili, yenye michoro, sauti na maswali, ni kidogo mno ukilinganisha na fedha za vyuma na vioo. Maudhui ya Kiswahili yangetumika Tanzania, Kenya, mashariki ya Kongo na kwingineko bila gharama ya kuyatengeneza upya. Ni masoko machache ya elimu ya dijitali barani mwetu yenye faida ya asili kama hiyo, na hili tumeliacha wazi.

Kuna maeneo ambako sitakubali hata kidogo hoja ya kungoja kuleta teknolojia. La kwanza ni wanafunzi wenye ulemavu. Mwanafunzi asiyeona, akiwa na programu inayomsomea skrini kwa sauti, anaweza kusoma kitabu kile kile siku ile ile wanayokisoma wenzake, badala ya kusubiri nakala ya nukta nundu. Nchini Kenya, kampuni ya eKitabu imetengeneza vitabu vya kielektroniki vinavyosomeka kwa njia hiyo, na video za hadithi kwa Lugha ya Alama ya Kenya. Kwa wanafunzi hawa kifaa si nyongeza ya kitabu, ndicho kitabu, na hapa kifaa kimoja kwa mtoto mmoja ni haki yake. La pili ni kambi za wakimbizi: tangu 2013, kuanzia Dadaab, shule zilizounganishwa na intaneti na umeme wa sola kwa ushirikiano wa UNHCR na Vodafone Foundation zimefika hadi Nyarugusu na Kongo, mahali ambapo darasa moja lina watoto wa lugha na mitaala tofauti na mwalimu hana kitabu cha hata mmoja kati ya hiyo. La tatu ni mtu mzima anayesoma akiwa kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa 1992, wakati masomo yalisafiri kwa basi na posta. Nyaya za intaneti za baharini zilipofika pwani yetu, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, muuguzi wa wilayani akaweza kupata somo lake bila kuacha zamu.

Na walimu wenyewe, bila mradi wa mtu yeyote, wamekwisha kujenga mfumo wao. Makundi ya WhatsApp ya walimu wa somo moja ni chuo cha mafunzo kazini ambacho hakijaandikwa katika sera yoyote. Mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata anauliza saa tatu usiku jinsi ya kufundisha mada asiyoiweza. Kabla ya saa nne ana majibu matatu, picha ya azimio la kazi, na mitihani ya mikoa mitano. Ubora unatofautiana, makosa yanasambaa pamoja na mazuri, na bando linatoka mfukoni mwake. Aprili 2021, bei mpya za mabando zilipoanza kutumika nchini Tanzania na kelele zikapigwa hadi zikasitishwa, wengi walifikiria burudani na biashara. Mimi niliwafikiria walimu hawa. Bei ya bando ni sehemu ya bajeti ya elimu, ingawa haimo katika kitabu cha bajeti.

Akili unde imekuja juu ya haya yote tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Wanafunzi wa vyuo wanaitumia, na baadhi yao wanawasilisha kazi ambazo hawakuziwaza. Walimu wanaitumia kuandaa maandalio ya somo. Sioni sababu ya kuipima kwa kipimo kipya. Ikitumika kumsaidia mwalimu mwenye wanafunzi mia kusahihisha, au kumsikiliza mtoto akisoma Kiswahili kwa sauti na kumwonyesha mwalimu alipokwama, itafanya kazi ya yule ofisa wa Kisumu mara nyingi zaidi. Ikiletwa ili tuajiri walimu wachache, itatuingiza katika hasara ambayo tayari tunaijua.

Nimeacha fedha mwisho kwa sababu ndiko mipango mingi inakofia. Tanzania imepanga ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 400 inapata, zikija zote, shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, yaani laki mbili kwa mwezi. Humo zimo chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati na vyoo, michezo na usafiri wa mwalimu mkuu. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unatarajia TEHAMA iwepo shuleni. Sasa ongeza umeme wa LUKU wa kuendesha kompyuta ishirini, bando la mwezi, fundi wa kubadilisha betri zilizovimba, mlinzi wa usiku na makomeo ya milango. Laki mbili hazitoshi, na mwalimu mkuu anayeamua kuanza na chaki anafanya hesabu sahihi.

Kwa hiyo zabuni ya vifaa inapotangazwa, bei ya kifaa ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Mkataba unapaswa kutaja nani atalipa umeme katika mwaka wa tatu, fundi wa wilaya atalipwa kutoka kasma ipi, mwalimu atapewa siku ngapi za mafunzo na atatembelewa mara ngapi baada ya mafunzo hayo, na kwamba kifaa kikiibwa au kikivunjika kazini mwalimu hatakatwa mshahara. Kipengele hicho cha mwisho ni rahisi kuliko vyote. Kinahitaji waraka wa ukurasa mmoja, na siku waraka huo utakapofika, makabati mengi yatafunguliwa.